Mawese Kwenye Bunduki ya Baba

Vuta kiti ukae, ndugu msikilizaji, upande ambao sikio lako linasikia vizuri, kwa maana nitakueleza polepole na sitaki uondoke na nusu ya habari. Inaanza na harufu mbili ambazo sidhani zimewahi kukutana katika nyumba nyingi: harufu ya mawese yanayopata moto, na harufu ya moshi wa baruti ulioganda kwenye chuma. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumekaa Minneapolis miaka mitano, mimi na wazazi wangu na mdogo wangu Eriki, baada ya miaka mingi ya kambi na kabla yake miaka ya kukimbia kutoka Kivu. Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao. Chini yetu aliishi mwenye nyumba, mzee mmoja wa Kimarekani aliyeitwa Bwana Harlan, mjane, ambaye televisheni yake tuliisikia kupitia sakafu kama mtu anayebishana ndani ya pipa. Hadi leo nikipita kwenye duka la Waafrika nikaona chupa ya mawese mekundu rafuni, mkono wangu wa kulia hujikunja wenyewe kama uliokamata kitu kizito. Ni kumbukumbu ya majira ya baridi ambayo nyumba yetu ilikuwa na vita, na vita yenyewe ililetwa na bunduki moja nzuri sana.

Naomba uniruhusu niseme kwamba ilikuwa nzuri, ingawa mama yangu akisikia neno hilo atakunja uso. Ilikuwa bunduki ya wenzo, ile ambayo huenda umeiona katika picha za wapanda farasi wa zamani. Chini ya kifyatulio ina mkono wa chuma uliopinda kama sikio la kikombe. Unaingiza vidole humo, unausukuma chini na mbele, ganda la risasi iliyopigwa linaruka nje. Unaurudisha juu, risasi mpya inaingia mahali pake na nyundo inabaki nyuma, tayari. Sauti yake ni mbili, *kra* na *chak*, na ukiisikia mara moja huisahau. Baba hakununua ya kale, kwa sababu za kale huwekwa na watu wanaojua babu zao walizaliwa wapi. Alinunua nakala mpya, iliyotengenezwa Italia kwa kuigiza ile ya zamani, msumari kwa msumari, yenye kitako cha mti wa rangi ya chai na ubavu wa chuma wenye mawimbi ya buluu na manjano kama mafuta juu ya dimbwi. Aliinunua bila kumwambia Mama. Alipanda nayo ngazi Jumamosi moja ya mwezi wa kumi akiwa ameifunga kwenye blanketi la Eriki, na Mama, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, alijua ni nini kabla blanketi halijafunguliwa.

"Baba Furaha," alisema, na hakupandisha sauti, "ulikuya na nini ndani ya nyumba yangu?"

"Mama Furaha, tulia kwanza. Hii si kama zile."

"Zile zipi? Weye unajua zile kunipita mimi?"

Baba alijaribu kueleza, na ndiye aliyenifundisha kueleza, kwa hiyo usimcheke. Alisema zile zilizotukimbiza zilikuwa zinapiga zenyewe, ukibonyeza tu zinamwagika kama mahindi gunia likitoboka. Hii haipigi yenyewe. Kila risasi lazima mkono uiombe, na mkono ukichoka bunduki nayo inanyamaza. "Miaka kumi bunduki iliniambia kimbia, nikakimbia," alisema. "Iliniambia lala chini, nikalala. Mimi pia niishike siku moja, niiambie fanya, ifanye. Basi, ni hiyo tu." Mama aliendelea kuchambua majani. "Hata nyoka ukimshika kichwa anatii," alisema. "Sasa umwachilie tuone." Kisha akaweka sharti ambalo lilining'inia juu ya vichwa vyetu majira yote yale. Dada yake mkubwa, aliyemwita Yaya, aliishi Texas na alikuwa na vyumba viwili vitupu. "Siku hiyo chuma itanishangaza, siku moja tu, nachukua watoto wangu naenda kwa Yaya. Na sitarudi kukuuliza ulikula nini."

Mama hakuwa mwoga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wanasema wahenga, lakini Mama hakushtuka, alichukia, na kuchukia ni kitu kingine. Alikuwa na kaka aliyeuawa barabarani na askari ambaye hakuwa na nia ya kumwua. Askari yule alikuwa ametoa risasi zote, au alidhani ametoa, akawa anamwonyesha rafiki yake jinsi kifyatulio kilivyo chepesi. Mama aliniambia hadithi hiyo mara moja tu, wakati ananisuka, na wakati wote vidole vyake havikusimama. Hapa Minneapolis alikuwa msaidizi katika nyumba ya wazee, anawageuza, anawaogesha, anawalisha. Kanisani kwetu, ambako wengi ni watu wa Kivu kama sisi, habari ilifika kabla hatujafika. Mama Sifa, mwanamke aliyecheka hata akisalimia, alimshika mkono mlangoni akamwambia, "Ai, Mama Furaha! Weye ulikimbia fusil miaka yote, sasa bwana yako anakulaza nayo kitanda moja?" Fusil, kwetu, ni bunduki. Wanawake walicheka. Mama naye alicheka. Tulipofika nyumbani alitoa mto wake chumbani akaanza kulala nasi watoto, na kwa wiki kadhaa maneno kati yake na Baba yalipitia kwangu. "Mwambie baba yako chakula tayari." Baba akiwa amekaa hatua tatu kutoka kwake.

Sasa nikukirie jambo langu. Mimi nilikuwa naipenda. Kila Jumamosi asubuhi, Baba akiwa hana zamu ya kukunja mashuka kule hotelini Bloomington, alinichukua kwenye uwanja wa shabaha wa wazi kaskazini mwa mji, mahali penye ukuta wa udongo na meza za mbao zilizochakaa. Alinifundisha kwa uvumilivu ambao nyumbani haukuonekana tena. Risasi za bunduki ile zilikuwa fupi na nene, na ncha zake ni bapa. Aliniuliza kwa nini ni bapa, nikashindwa, akanieleza: katika bunduki hii risasi hukaa kwenye bomba jembamba chini ya mtutu, zimepangana moja nyuma ya nyingine kama watu kwenye foleni ya maji. Ncha ya moja inagusa kitako cha iliyo mbele yake. Ikiwa ncha ni kali, mtikiso mmoja unaweza kuifanya ya nyuma iilipue ya mbele. Ndani ya bomba hilo kuna springi ndefu inayozisukuma zote kurudi nyuma, na springi hiyo ikikwama, risasi inabaki mbele gizani na wewe hujui. Hilo la mwisho alilisema yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mwezi wa kumi na moja. Nakumbuka kwa sababu nililiandika kwenye daftari langu la hesabu.

Bwana Harlan naye alikuwa na bunduki ya wenzo. Yake ilikuwa ya babu yake, ya kale kweli, kitako kimekatika na kufungwa waya wa shaba. Baba alipopata yake alishuka kumwonyesha, akidhani amepata ndugu. Mzee aliigeuza mikononi, akachungulia mtutuni, akairudisha. "Nzuri," alisema kwa Kiingereza chake cha kuvuta. "Kama maua ya plastiki." Baba alicheka kwa adabu. Mwezi wa kumi na mbili wakagombana kuhusu nani anapaswa kukwangua theluji kwenye ngazi za nyuma, na mzee akamwambia mtu anayeweza kununua kichezeo cha Italia anaweza kununua sepeto. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Nyumba ikawa na sakafu mbili, kila moja na ukimya wake. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi tulikuwa mimi na Eriki, tunapita ngazini tukinyata, hatujui mlango upi utafunguka kwa hasira.

Katikati ya uadui huo Baba alibuni kitu alichokiita kuonyesha. Kila Jumamosi tukirudi, kabla ya bunduki kuingia kabatini, alisimama nayo katikati ya sebule mbele ya Mama. Anaelekeza mtutu sakafuni kama alivyofundishwa uwanjani, anafungua wenzo, anafunga, anasema, "Tazama, Mama Furaha. Tupu." Halafu anabonyeza kifyatulio ili nyundo igonge patupu: *tak*. Hiyo *tak* ilikuwa hoja yake. Aliamini siku moja Mama angeisikia mara za kutosha moyo wake ukalainika. Mama hakutazama. Alikuwa akikunja nguo na kusema, "Endelea kumfundisha mtoto michezo." Wala hakuna aliyefikiri, hata mimi mwenye daftari, kwamba uwanjani chini ya mtutu kuna udongo, na sebuleni chini ya mtutu kulikuwa na zulia, mbao, na Bwana Harlan kwenye kiti chake akitazama televisheni.

Mwezi wa kwanza baridi ilikaza. Unaijua ile baridi ambayo nywele za puani zinasimama kama sindano. Kama huijui, shukuru. Kichupa cha mafuta ya bunduki kilikwisha. Siku nyingine Baba angeshuka kumwomba mwenye nyumba matone mawili, lakini walikuwa hawasemezani, na duka liko mbali na barabara ni barafu. Akaniita Ijumaa jioni, sauti chini. "Furaha, mama, niletee kijiko cha mawese. Usimwambie mama yako, unajua anavyoyahesabu." Alisema baba yake kule kijijini alipaka mawese kwenye mnyororo wa baiskeli, kwenye bawaba, kwenye gobore lake la kuwindia ndezi, na hakuna kilichowahi kukwama. Nilichota kijiko, nikakipasha kwenye jiko hadi yakawa mekundu na mepesi kama chai ya rangi. Baba alifungua bomba la risasi, akatoa springi, akaipaka kwa kitambaa, mkono wake ukiwa na furaha. Kule kwa babu, mawese ni mafuta mchana na usiku. Hatukukumbuka kwamba hapa, ukiyaacha tu dirishani, Mama huyachota kwa kisu.

Jumamosi tulipiga vizuri mwanzoni, chuma kikiwa bado na joto la gari. Kisha upepo ukaja. Baba alijaza bomba mara ya mwisho, akapiga, akapiga, halafu wenzo ukaenda na kurudi bila kutoa kitu. Akaufanya tena. Hakuna. Akafungua, akachungulia chemba, mahali risasi hukaa ikingoja kupigwa: tupu. Mimi nilikuwa nalia kwa maumivu ya vidole vya miguu, naye aliniona. "Twende, mama, zimeisha," alisema. Tulifika nyumbani Mama hajarudi. Walimwongezea saa kazini. Kwa hiyo Baba hakuonyesha. Aliisimamisha bunduki kwenye kona, mtutu juu, kando ya bomba la kupasha joto lililokuwa linaunguza hata ukuta, tukala ugali na samaki tukiwa na makoti. Saa nzima ikapita. Nilisikia harufu ile, baruti na mawese, ikipanda taratibu kama chakula kinachopikwa na mtu asiyeonekana, na sikusema neno.

Mama aliingia na theluji mabegani, amechoka, viatu vyeupe vya kazi mkononi. Alisimama mlangoni akanusa. Baba akaruka kuchukua bunduki kana kwamba angechelewa mtihani. Akaelekeza sakafuni, akafungua wenzo, akafunga, macho yake yakiwa kwa mkewe muda wote, akimsihi. *Kra. Chak.* "Tazama, Mama Furaha. Tupu."

Lakini Mama, kwa mara ya kwanza, alikuwa anatazama. Hakuitazama bunduki. Alitazama zulia kwenye kona, palipokuwa na tone jekundu, na lingine, na mstari mwekundu ukutani.

"Ile ni mawese yangu," alisema. "Mawese yangu inafanya nini ukutani?"

"Hiyo nitaeleza. Sasa tazama kwanza—"

"Usinipe sasa-tazama. Umepaka fusil mawese? Mawese, katika hii baridi? Hata mtoto wa Uvira, kwenye joto, anajua mawese inalala ikipata baridi." Sauti yake ilibadilika. Aliweka viatu chini polepole. "Kama ililala, imeamka. Ondoa kidole. Fungua tena."

"Mama Furaha, nimefungua umeona—"

"Fungua tena!"

Baba alifungua, kwa hasira, kwa nguvu, kama mtu anayefunga mjadala. Kitu cha manjano kiliruka, kikagonga meza, kikaanguka kwenye zulia na kubingirika hadi kikagusa kidole cha mguu wa Mama ndani ya soksi. Kilikuwa risasi. Haikuwa ganda. Ilikuwa risasi nzima, fupi, ncha bapa, inang'aa mawese. Ilikuwa imekwama gizani ndani ya bomba, ikapata joto, springi ikaisukuma taratibu hadi mahali pake, na Baba mwenyewe akaiingiza mtutuni akimtazama mkewe machoni. Chini ya zulia, moja kwa moja chini ya mtutu, Bwana Harlan alikohoa.

Mama alipita katikati yetu akaingia chumbani, nikasikia zipu ya sanduku kubwa. Alikunja nguo za Eriki kwanza, kisha zangu. Nilimfuata nikamwambia mawese niliyaleta mimi, niliyapasha mimi, na niliandika kuhusu springi kwenye daftari nikanyamaza. Hakunipiga. Aliniambia, "Leta soksi zako," na hiyo iliuma zaidi. Baba alikuja akasimama mlangoni, mikono mitupu imening'inia. Alisema amekosa. Alisema ataiuza. Alisema hatagusa tena.

"Hayo yote ni yako," Mama alisema bila kugeuka. "Yule askari wa barabarani pia alisema amekosa, kwetu sisi, na akaenda kuwaambia wakubwa wake kaka yangu alikuwa adui. Ndiyo niliyoshindwa kusamehe, ule uongo. Yule mzee chini anajua?"

"Mama Furaha, nyumba ni nyumba yake. Atatufukuza."

"Sikukuuliza atafanya nini. Nakuuliza anajua?" Akageuka. "Shuka umwambie. Ukimficha, nakwenda. Leo."

Baba alishuka. Mimi nililala kifudifudi juu ya zulia, sikio kwenye sakafu, pua karibu na mawese. Nilisikia televisheni ikizimwa. Nikasikia Kiingereza cha Baba, kile cha polepole cha hotelini. Kisha mzee akapasuka. Sijawahi kusikia mtu mzima akitukana vile, na hadi leo sijui kama alikuwa anamtukana Baba au kifo. Aliiita ile bunduki plastiki, akamwita Baba mjinga wa aina mbili, mjinga aliyefanya na mjinga aliyekuja kusema. Akamwambia kila mshika bunduki anajua kwamba macho si kitu, unaingiza kidole. Akampa hadi mwisho wa mwezi kuhama.

Baba alipanda akatuambia, neno kwa neno, hata matusi. Mama alisikiliza hadi mwisho. Alifunga zipu ya sanduku, akalisukuma kwa mguu hadi mlangoni.

"Vizuri," alisema. "Nguo za watoto tayari. Leta zako."

Tulihamia Columbia Heights, sote wanne, kwenye fleti ndogo karibu na kituo cha basi. Usidhani tulikuwa na amani. Mama alirudi chumbani kwa Baba baada ya Pasaka, akiwa na masharti, na bunduki haikuuzwa, kwa sababu Mama mwenyewe alikataa. Alisema mtu akiuza kosa lake analisahau. Ikafungiwa kwenye kabati la chuma, na kila mara iliporudi kutoka uwanjani haikuvuka mlango mpaka Mama ametoka kwenye korido. Baba anashika, wenzo umefunguliwa. Mama anaingiza kidole chake kidogo kwenye chemba, anakizungusha, kisha anakipeleka pale risasi zinapotokea bombani, anabonyeza hadi ahisi springi ikimjibu. Anasema, "Funga. Fungua tena." Anaingiza mara ya pili. Anajifuta kidole kwenye shati la Baba, si kwenye nguo yake. Majirani walidhani ni mila ya kwetu.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafanya kazi ya ofisi Eden Prairie, na nina bunduki yangu ya wenzo, nakala pia, kutoka kiwanda kingine. Siku hizi zinatoka za kila namna. Nimeona zenye kitako cha plastiki nyeusi na mahali pa kufungia tochi, na vijana uwanjani wananionyesha kwenye simu jinsi ya kuzungusha wenzo haraka. Wananipita kwa kasi. Sijaona hata mmoja akiingiza kidole. Mafuta mazuri ya baridi yanauzwa kila mahali, na Baba, ambaye macho yake yamepungua, bado ananiuliza kwenye simu kama nimepaka, na tunacheka kidogo, si sana. Utoto wangu ulikuwa na baridi na maneno makali, na nyumba ya leo ina joto na heshima. Lakini nikipima vizuri, kule ndiko nilikokuwa salama zaidi, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja aliyekataa kuamini. Mama hajawahi kuipenda, hata siku moja. Jumamosi iliyopita nilipita kwake na bunduki ikiwa garini, akatoka na kanga juu ya koti, uso umekunjwa, kidole tayari. "Lete hiyo takataka," aliniambia.

Basi, ukiwa na bunduki ya wenzo, ya kale au nakala, fanya hivi. Elekeza mtutu mahali ambapo hakuna mtu, wala juu wala chini yake. Kidole kikae mbali na kifyatulio. Fungua, tazama, kisha ingiza kidole kwenye chemba na kwenye mdomo wa bomba. Funga. Halafu, hata kama umechoka na una uhakika, fungua tena.